Sabuni ya kunyolea imekuangusha? Usiitupe ziwani kwanza

Wakuu, ndani ya miezi michache nimeletewa sabuni tatu za kunyolea na watu watatu tofauti hapa Kigoma, na wote wamekuja na maneno yale yale, "hii kitu takataka, chukua wewe unayependaga haya mambo". Mbili kati ya hizo natumia mpaka leo na ndevu zinatoka safi. Ya tatu kweli takataka, nitaifikia huko chini.

Nazungumzia zile sabuni za kizamani, ngumu, zinakuja kwenye kibakuli au kamche kadogo, unapiga povu mwenyewe kwa brashi na maji halafu unapitisha mashine ya wembe. Zile za kopo unabonyeza povu linatoka tayari sina habari nazo. Sasa hizi za kizamani watu wanazinunua kwa sifa, mtu kaangalia video ya mzungu povu limesimama kama mtindi mgando, anaagiza, anasubiri wiki tatu, anatoa hela ambayo angenunua mawese ya mwezi mzima, siku ya kwanza anapiga weee anapata maji meupe. Lazima akasirike.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Shemeji yangu wa Tabora ndo alinipa sabuni ya kwanza, kipande alichokata kwenye ya kwake, akaniapia hiyo ni kiboko. Nikaifikisha nyumbani Mwanga hapa Kigoma, kesho yake asubuhi nikapiga, povu likaja jembamba, nikapaka shavu la kulia, kufika la kushoto la kulia limeshakauka na kupotea. Nikarudia siku nne. Nikasema moyoni huyu shemeji kanikatia feki ya kwake kaficha (Mungu anisamehe). Baadaye nikapanda treni kwenda huko kwenye shughuli ya familia, asubuhi naenda kunawa naona kibakuli chake, sabuni ile ile, harufu ile ile, nikaazima brashi nikapiga. Bwana eeh. Povu lilijaa bakuli likamwagika. Mkono ule ule, ndevu zile zile, kilichobadilika ni bomba tu.

Povu haliji kabisa, au linakuja halafu linakufa njiani

Hapa anza na maji. Ukiwa Kigoma mjini anza na maji kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Bomba letu linavuta ziwani, na Ziwa Tanganyika sio maji ya mchezo. Ni ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, maji yanaingia kwa mito mingi lakini mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, mengine yanaondoka kwa mvuke. Mvuke unabeba maji unaacha madini, sasa piga hesabu ya miaka yote hiyo. Halafu Mto Rusizi unashusha maji kutoka Ziwa Kivu ambalo liko kwenye nchi ya volkano na lina magnesiamu kibao. Matokeo yake kwenye lita moja ya maji ya hapa unakuta magnesiamu inayokaribia miligramu 40 na kalsiamu kama 10 na kitu. Kuyanywa hayana shida, dagaa wanayapenda, lakini sabuni ya kweli ikikutana na magnesiamu na kalsiamu inashikana nayo inakuwa ule utando mweupe unaogandaga pembeni ya beseni. Ile ndo sabuni yako uliyoinunua kwa hela nyingi, imegeuka uchafu kabla haijafika usoni. Povu linaanza kutokea pale tu madini yote yakishashiba sabuni, kwa hiyo ukichota kidogo hufiki.

Tabora siku hizi wanapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba lile lililopita Nzega, na Victoria ni maji laini sana, madini yaliyoyeyuka humo ni kama sehemu moja ya sita hivi ya yale ya kwetu. Ndo maana shemeji anapiga povu kwa kuigusa tu sabuni anafikiri ni ufundi wake.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa mbili za plastiki zenye kifuniko, moja weka maji ya bomba nusu, nyingine maji ya mvua nusu. Kwangua sabuni kidogo kwa kisu, kiasi sawa kote, tikisa kama mtu anayetikisa dawa ya mtoto. Ya mvua itakaa na povu juu na maji chini yanayoonekana. Ya bomba kama ni ngumu itakuwa na ukungu kama maji ya mchele na povu la kuonewa huruma. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia kwa jaribio hili, ile inatoa povu hata kwenye maji magumu, itakudanganya.

Ukishajua ni maji, dawa ipo. Kwa ajili ya brashi na bakuli tu unahitaji glasi moja, sio ndoo. Kinga mvua, ila ile mvua ya kwanza kwanza iache ioshe bati, vumbi la kiangazi lote liko pale. Dumu la lita 5 ukitumia glasi ya mililita 200 kila mara linakunyoa mara 25. Uso wenyewe nawa na maji ya bomba kama kawaida, ila kabla ya kupaka povu ujimwagie haya ya mvua kidogo. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua hakuna, basi maji ya chupa ya dukani yanafaa, mengi ni laini, nusu lita inakupa mara mbili. Kuna wanaosema chemsha, haya chemsha, itakupunguzia kalsiamu kidogo lakini tatizo letu kubwa ni magnesiamu na ile haiondoki kirahisi kwa moto, utamaliza mkaa bure.

Na tafadhali kuna mtu aliniambia atatumia maji ya betri kwa sababu "yametakaswa". Usifanye. Ukienda dukani ukasema maji ya betri muuzaji mmoja atakupa maji safi mwingine atakupa asidi, na vyote viko kwenye chupa zinazofanana. Huo ni uso wako.

Kingine kinachoua povu kimya kimya ni shabu. Watu wa visima tunatia shabu kutuliza tope, na wanyoaji tunapaka shabu baada ya kunyoa kuzuia damu, vyote sawa, ila shabu ikibaki kwenye bakuli au ukashika kipande cha shabu halafu ukashika brashi, sabuni inakatika pale pale inakuwa mabonge. Na limao ni hivyo hivyo, eti linalainisha maji. Asidi inarudisha sabuni kuwa mafuta, basi, povu kwisha.

Kama huwezi kubadilisha maji, ongeza sabuni. Video zinasema zungusha brashi kwenye sabuni sekunde 30, hiyo ni kwa maji laini. Kwa bomba la hapa zungusha dakika moja na nusu, mpaka nywele za brashi zibebe uji mzito unaoshikana. Itaisha haraka zaidi ndiyo, ndo kodi ya kuishi karibu na ziwa. Kabla ya kununua nyingine soma boksi, ukiona herufi EDTA kwenye orodha ya vilivyomo hiyo imewekewa kitu cha kuyashika madini yasisumbue, inavumilia maji yetu kuliko zingine.

Mapovu makubwa makubwa kama ya kuoshea vyombo

Maji mengi sabuni kidogo. Karibu kila mara ni hivyo. Brashi hukuikung'uta, imebeba kikombe kizima cha maji, ukaenda kuzungusha sekunde kumi ukaona linafura ukafurahi. Linafura kweli lakini ndani hewa. Likija usoni linapasuka moja moja, unalisikia kabisa.

Kung'uta brashi mara tatu nne kabla ya kugusa sabuni, mpaka iache kudondosha. Chota sabuni ikiwa na unyevu tu. Halafu ndo unaongeza maji kidogo kidogo, robo kijiko cha chai, unazungusha, unaongeza tena. Kazi hii ni kama kusonga ugali kwa kinyume, unaanza na kizito unalainisha, ukianza na chepesi hurudi.

Povu zito halafu kavu, wembe unakwama

Hii ni kosa la wale waliosoma kifungu cha hapo juu wakazidisha. Povu linasimama wima zuri la kupiga picha, halina mng'ao, ukilipaka linashika kama plasta. Halina maji ya kutosha. Ongeza matone, zungusha, mpaka liwe linang'aa kama mtindi uliokorogwa. Sugua kidole na kidole, vikiteleza kama umeshika kambale liko tayari. Vikinata bado.

Kigoma kuna joto pia, usisahau, ukipaka uso mzima halafu ukaanza kujibu meseji likikauka usimlaumu mtengenezaji. Paka upande mmoja, nyoa, paka mwingine.

Sabuni ni ileile jana ilikubali leo imekataa

Angalia brashi. Brashi ya manyoya ya nguruwe inatakiwa ilowekwe dakika mbili tatu mpaka tano, ikiwa kavu inanyonya maji yote ya povu lako. Na ikiwa mpya inakula povu hasa, unalitengeneza unaona hili hapa, dakika mbili limezama katikati ya nywele. Itahitaji kunyoa mara kumi mpaka ishirini ndo ikae sawa. Ile ya plastiki haihitaji kulowekwa, lakini nayo haishiki maji mengi, kwa hiyo ukitoka kwenye ya nguruwe ukaingia kwenye ya plastiki na mkono ule ule mambo yanabadilika. Kama brashi ina utando mweupe kwenye mizizi, ni ule ule wa beseni, loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji dakika chache halafu isuuze sana, sana, maana nimeshasema asidi na sabuni haziivi.

Povu zuri, linateleza, lakini wembe unavuta

Wembe. Badilisha wembe. Sijui kwa nini watu wanaacha kubadilisha kitu cha bei ya karanga wanaenda kubadilisha sabuni ya hela nyingi. Nyembe zinatofautiana ukali na ngozi zinatofautiana, jaribu aina mbili tatu za pale sokoni ukiwa na sabuni hiyo hiyo. Na usisukume mashine, iache uzito wake ufanye kazi, zile mashine za wembe mmoja tangu King C. Gillette alipopata hataza yake Marekani mwaka 1904 hazijawahi kuhitaji nguvu ya kulima.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hatulijui mpaka tuumie, povu jingi na utelezi ni vitu viwili tofauti. Kuna sabuni inatoa povu kidogo tu la aibu lakini wembe unapita kama mtumbwi asubuhi ziwa likiwa limelala, na kuna nyingine inajaza bakuli halafu inakuchubua. Ukihukumu kwa macho utatupa nzuri utabaki na mbaya. Moja ya zile mbili nilizopewa ni ya hivyo, mwenyewe aliitupa kwa sababu haifanani na video.

Inawasha, inachoma, ngozi inabaki kama imekauka upepo

Sabuni zote za kweli ziko upande wa magadi, pH ya 9 mpaka 10, kukauka kidogo ni kawaida, paka mafuta yako. Kama inachoma tangu povu linagusa ngozi, kabla hata ya wembe, hapo mara nyingi ni manukato au ile mentoli ya baridi baridi. Paka kidogo ndani ya mkono, subiri siku nzima, ikiota wekundu hiyo sio ya kwako, mgawie mtu.

Kama ni ya kutengeneza nyumbani mashaka yangu yanakuwa kwenye kostiki, ile kemikali kali inayochanganywa na mafuta kupikia sabuni. Kuna dada jirani anapika sabuni za mawese nzuri sana za kufulia, aliwahi kunipa ya kunyolea akaisifia, nikaigusa kwa kidole chenye maji nikalamba kidogo, ikanipiga ulimi kama ule utoto wa kulamba betri ya tochi. Ikikupiga hivyo kostiki imezidi. Kama imepikwa juzi iache wiki nne irudie, ikiendelea kupiga ni ya kufulia.

Vipele vya ndevu

Hapa sabuni inasingiziwa. Nywele zetu zimejikunja, ukizinyoa karibu sana kinyume na zinavyolala ncha inabaki kali chini ya ngozi halafu inakua inarudi ndani, mwili unaiona adui, kipele. Hakuna sabuni ya kuzuia hilo hata iwe ya mfalme. Nyoa kufuata ndevu zinavyolala, pitisha mara moja, usivute ngozi, ukubali kubaki na mkwaruzo kidogo. Vikitoa usaha au vikiacha makovu yanayokua nenda hospitali, usiendelee kubadilisha sabuni.

Madoa ya rangi ya chungwa, harufu ya mafuta ya zamani

Imechacha. Mafuta yake yameharibika kwa hewa na joto. Haitakuua lakini povu linapungua na harufu hutaivumilia puani asubuhi. Kosa kubwa ni kufunga kifuniko ikiwa mbichi na kuiacha bafuni, masika inalala na maji usiku kucha. Iache wazi mpaka ikauke ndo ufunike.

Sasa, sabuni mbovu kweli

Zipo, sitetei kila mtu. Sabuni ya kunyolea nzuri inatengenezwa tofauti na ya kuogea. Ya kuogea ni mafuta na kostiki ya sodiamu, inakuwa ngumu, inayeyuka taratibu, povu linakauka upesi. Ya kunyolea inatakiwa iwe na potasiamu pia, hiyo ndo inayoifanya iyeyuke haraka na povu libaki na unyevu, na asidi ya steariki nyingi, aina mojawapo ya asidi za mafuta, ambayo inalifanya povu liwe zito lisimame. Mafuta ya mise (kokwa za michikichi) au ya nazi yanaongezwa kidogo ili lifure haraka, yakizidi ndo unapata mapovu makubwa na ngozi kukauka. Mawese yetu steariki yake ni ndogo, kama asilimia 4 au 5, kubwa humo ni asidi nyingine ya mafuta, palmitiki, ndo maana ukinyolea mche wa sabuni ya kufulia unaweza ukapita lakini huwezi kufurahi. Nilinyolea hiyo miaka yote ya shule, najua ninachosema.

Wazee wa zamani waliopika sabuni kwa majivu walikuwa karibu zaidi kuliko sisi, majivu ya mikungu ya michikichi iliyokwisha kupukuchuliwa yana potasiamu nyingi, ndo maana sabuni za majivu za Afrika Magharibi ni laini laini haziwi jiwe.

Kingine, mzee mwenzako akikusifia sabuni fulani aliyotumia miaka ishirini iliyopita, sio lazima iliyoko dukani leo ni ile. Watengenezaji kadhaa waliacha mafuta ya ng'ombe wakahamia ya mimea, boksi likabaki lile lile, ndani si ile. Wengine walifanya vizuri, wengine wakaharibu kabisa. Kwa hiyo sifa za zamani zipokee lakini orodha isome upya.

Sasa ile ya tatu niliyoletewa. Nimeipa kila kitu. Maji ya mvua, brashi iliyolowekwa, wembe mpya, dakika mbili za kuzungusha, nikaipeleka mpaka Tabora nikampa shemeji aipige kwa maji yake ya Victoria na maringo yake yote, akapata povu lililokufa kabla hajamaliza kidevu. Ndo tukasoma boksi. Sodiamu na mafuta ya mawese, sodiamu na mafuta ya mise, manukato, rangi, basi. Hakuna potasiamu, hakuna steariki. Sabuni ya kuogea imekandamizwa kwenye kibakuli cha mbao ikaandikwa ya kunyolea kwa herufi za dhahabu. Vitu ninavyovipita kila siku sokoni Mwanga vikiuzwa kwa madumu, mtu kavinunua kwa bei ya mbuzi.

Mwenyewe nilimwambia, akanyamaza muda mrefu akasema usimwambie mke wangu. Nimeiweka kwenye bomba la nje, watoto wanaoshea miguu wakitoka kucheza, na kwa kazi hiyo haina kasoro.